Barua moja inaingia mara tatu: usianze na kufuta

Msomaji wa Tanga ameuliza:

"Shikamoo mwalimu. Naendesha ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, tuko watu wanne. Mimi nina anwani nne za barua pepe: ya Yahoo niliyofungua enzi za intaneti kafe, ya Gmail, ya jina langu kwenye kikoa cha kampuni, yaani jina la kampuni linalokaa baada ya @, na ile inayoanza na info tunayoitumia wote. Barua ya mteja mmoja inanifikia mara mbili, nyingine mara tatu, kwenye simu na kwenye kompyuta. Nafuta, kesho yake zimerudi. Mwezi uliopita nilimjibu mteja kwa Gmail, kumbe msaidizi wangu keshamjibu kwenye nakala ya info, na bei zetu zikapishana. Niliona aibu. Je, nifunge anwani zipi? Na kuna programu gani ya kufuta nakala zote kwa mkupuo?"

Marahaba, dada yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na kilichonikaa ni huyo mteja aliyepewa bei mbili. Nakala ya ziada inakula nafasi kwenye simu, basi. Majibu mawili yanayopishana yanakula jina la ofisi, na jina la wakala ndiyo mtaji wake. Kwa hiyo nitakujibu huku nikimfikiria yeye. Programu ya kufuta ipo na nitakutajia, lakini itakuja mwishoni, kwa sababu ukianza nayo utakuwa unadeki maji na bomba bado linamwaga. Na usifunge anwani yoyote kwa sasa, hata hiyo ya Yahoo.

Kwanza uelewe kwa nini barua inazaa. Barua pepe ina bahasha, na ndani yake ina karatasi. Mstari wa "Kwa" unaouona ukifungua barua umeandikwa kwenye karatasi. Seva, yaani kompyuta zinazopokea na kupeleka barua, hazifuati mstari huo, zinafuata bahasha, ambayo wewe huioni kabisa, na kila anwani iliyo kwenye bahasha hufikishiwa nakala yake. Ndivyo ilivyo tangu kanuni ya kupeleka barua pepe iitwayo SMTP ilipoandikwa mwaka 1982. Mteja akiweka info na Gmail yako kwenye barua moja, seva yake inapeleka nakala moja kwenye seva ya kampuni yako na nyingine kwa Google. Hakuna seva inayojua kwamba nyuma ya anwani zote mbili kuna mtu mmoja aliyekaa Tanga. Kila moja imefanya kazi yake sawasawa, na wewe umepata barua mbili.

Hiyo ni njia moja ya barua kuzaa. Ziko nyingine, na kila moja ina tiba yake, ndiyo maana ushauri wa jumla jumla haukusaidii. Lazima tujue kwako njia imegawanyika wapi.

Jioni ofisi ikitulia, chagua barua moja ya mteja iliyoingia mara mbili. Ifungue kila nakala kwenye kompyuta, maana programu nyingi za simu hazikuonyeshi tunachokitafuta. Kwenye Gmail bonyeza vitone vitatu vilivyo kando ya alama ya kujibu, kisha "Show original". Kwenye Thunderbird, programu ya kompyuta ya kusomea barua, bonyeza Ctrl na U. Utafunguka ukurasa wa maandishi yaliyobanana, usiogope. Tunataka mistari mitatu tu.

Wa kwanza umeanza na neno Message-ID. Wewe mtu wa forodha utanielewa haraka. Kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na hata lipite geti gani, likae yadi ipi, namba yake haibadiliki. Message-ID ndiyo namba ya kontena ya barua pepe. Inatolewa upande wa mtumaji barua inapotumwa, na nakala zote za barua hiyo huibeba ileile. Wa pili ni Delivered-To, yaani anwani ambako nakala hiyo imeshushwa. Halafu kuna mistari kadhaa inayoanza na Received. Hiyo ni mihuri ya mageti. Kila seva iliyoipokea barua imegonga muhuri wake juu ya ule wa seva iliyotangulia, kwa hiyo inasomwa kutoka chini kwenda juu: chini ndiko barua ilikotoka, juu ndiko ilikoishia.

Chukua karatasi, ikunje katikati, andika mistari ya nakala moja kushoto na ya nyingine kulia. Sasa linganisha.

Kama Message-ID ni moja na mihuri ya kulia ni ileile ya kushoto, isipokuwa juu yake umeongezeka muhuri unaoonyesha seva ya kampuni yako ikikabidhi barua kwa Google, basi kuna mtu aliiagiza info isambaze kila kitu kwenda Gmail yako. Huenda ni fundi aliyewafungulia kikoa, alifikiri anakurahisishia. Nakwambia kwa uzoefu, katika ofisi ndogo za kwetu hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Kisha simu yako ina kikasha cha pamoja kinachochanganya masanduku yote kwenye orodha moja, kwa hiyo unaiona barua ilipofika info na unaiona tena ilipofika Gmail. Mteja akiwa ameongeza na anwani ya jina lako, hiyo ndiyo ya tatu.

Kama Message-ID ni moja, lakini mihuri inaachana tangu kwenye seva ya mteja, basi mteja mwenyewe aliandika anwani mbili. Hana kosa. Programu yake imezikariri anwani zako zote kwa sababu siku tofauti ulimwandikia kutoka anwani tofauti. Akianza kuandika jina lako zinajitokeza zote, na kwa kutaka barua ifike anaziacha zote.

Kama Message-ID ni moja, Delivered-To ni moja, na mihuri yote inafanana mpaka sekunde, hapo hakuna nakala mbili. Kuna barua moja unayoionea sehemu mbili. Usiifute! Nitarudi hapa, maana ndipo watu wanapopotezea barua za maana.

Na kama Message-ID ni mbili tofauti, hizo ni barua mbili, hata kama zinafanana neno kwa neno. Pengine mteja alibonyeza kutuma mara mbili. Kwa kazi yako, lakini, hapa ndipo nataka ukae macho kuliko pengine pote. Wahalifu wanaonyemelea malipo ya mizigo hupenda kuleta ankara "ileile" mara ya pili: nembo ileile, kiasi kilekile, ila namba ya akaunti ya benki imebadilika, na anwani ya mtumaji ina herufi moja iliyoongezwa au kupinduliwa. Mtu aliyezoea kupata barua mbilimbili haishtuki nakala ya pili. Anaichukulia ni pacha ya ile ya jana, na anaweza kulipa kwa ile iliyo juu. Ukiona Message-ID tofauti kwenye ankara inayojirudia, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani kwenye daftari lako. Usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Nikiwa hapohapo kwenye usalama, fungua mipangilio ya kila sanduku lako uangalie sehemu ya kusambaza barua na sehemu ya vichujio, yaani maagizo ya kuhamisha barua kiotomatiki. Mtu akishaiba neno la siri, mara nyingi huacha agizo la kimyakimya kwamba kila barua yenye neno kama ankara au malipo isambazwe kwenda kwake. Ukikuta humo anwani usiyoitambua, iondoe, badilisha neno la siri, washa uthibitishaji wa hatua mbili, ndipo uendelee na mengine niliyoandika hapa.

Sasa hilo la "nafuta, kesho yake zimerudi". Hapa nashuku POP. Kuna namna mbili kuu za simu au kompyuta kusoma sanduku lililoko kwenye seva. POP ni mtu anayekwenda posta na kuchota barua kuja nazo nyumbani. IMAP ni mtu anayesoma barua zikiwa palepale posta, kupitia dirisha. Kwenye POP ukifuta barua nyumbani, ya posta inaweza kuwa bado ipo, hasa ikiwa kwenye mipangilio umeweka alama ya kuacha nakala kwenye seva. Simu inachota yake, kompyuta inachota yake, na kila kimoja hakijui mwenzake amefuta nini. Umefuta kwenye kompyuta, simu bado inayo, na wewe unaona zimerudi.

Kuna na balaa jingine la POP. Programu inayochota inakumbuka ilichokwisha kuchota kwa kutunza orodha ya namba ambazo seva imezipa barua. Orodha hiyo ikipotea, kwa mfano umeondoa programu na kuiweka upya, au seva ikibadilisha namba zake, programu inadhani haijawahi kuchota chochote na inaanza upya tangu barua ya kwanza. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye ofisi moja asubuhi ya Jumatatu. Mtoa huduma wao alikuwa amehamishia masanduku kwenye seva mpya Jumamosi. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa inachota barua za miaka mitatu, moja baada ya nyingine, zote kwa herufi nzito kana kwamba zimeingia leo, na yeye ameshika kichwa kwa sababu ndani ya lundo hilo zipo barua mpya halisi za asubuhi hiyo na hawezi kuzitofautisha. Tulimaliza saa nane mchana. Tangu siku hiyo simwekei mtu POP kwenye sanduku linalosomwa na zaidi ya kifaa kimoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya tiba: sanduku la kampuni lisomwe kwa IMAP kwenye kila kifaa, simu na kompyuta. Muulize mtoa huduma wenu wa kikoa akupe mipangilio yake, namba ya mlango (port) wa IMAP wenye ulinzi huwa ni 993. Kabla ya kuiondoa akaunti ya POP kwenye kompyuta, hakikisha barua zote zilizomo humo zimehifadhiwa mahali pengine, kwa sababu za zamani huenda zipo kwenye kompyuta hiyo peke yake. Unda akaunti ya IMAP pembeni, buruta barua za zamani uziweke kwenye folda ya IMAP, subiri zipande zote, zihesabu. Ukiona hesabu ni sawa, ndipo uiondoe ile ya POP. Mtandao ukiwa mzito fanya usiku, folda moja moja.

Hatua ya pili inahusu huyo mteja wa bei mbili, na hapa nina msimamo. Info isisambazwe kwenda kwenye Gmail ya mtu yeyote. Iwe sanduku kamili linalojitegemea, na ninyi wanne mlisome kwa IMAP. Sababu ni hii: IMAP hutunza alama za barua kwenye seva. Msaidizi wako akifungua barua, kwako nayo inaonekana imesomwa. Akiijibu, kwako inatokea ule mshale mdogo wa kujibiwa, mradi programu mnazotumia zinauonyesha. Barua iliyosambazwa kwenda Gmail haina uhusiano tena na ile ya info. Msaidizi alipoijibu ile ya info, hakukuwa na njia yoyote ya Gmail yako kukuambia. Si uzembe wake wala wako.

Juu ya hapo ongezeni utaratibu mdogo wa kibinadamu. Ndani ya sanduku la info tengenezeni folda nne, kila moja na jina la mtu. Anayeamua kushughulikia barua anaihamishia kwenye folda yake kabla hajaandika hata neno la jibu. Barua iliyobaki kwenye kikasha cha info haina mwenyewe, iliyohamishwa ina mwenyewe. Inachukua sekunde mbili, na bei mbili hazitatoka tena kwenye ofisi yenu. Nakusisitizia hili kuliko mambo yote ya seva.

Na majibu yote ya kazi yatoke info. Hata ukiwa safarini na una simu tu, chagua info kwenye mstari wa mtumaji kabla hujatuma. Kila jibu lililotoka Gmail linaifundisha programu ya mteja anwani nyingine ya kukupata, na mwezi ujao atakuandikia zote mbili. Kwa wateja wa zamani ambao tayari wana anwani zako zote, waandikie mara moja, kwa mfano: "Ndugu mteja, ili mzigo wako ushughulikiwe bila kuchelewa, naomba barua zote za kazi zitumwe kwa anwani ya info peke yake. Anwani zangu nyingine naomba uzifute kwenye orodha yako." Wengi watafuata. Wachache wataendelea kuandika zote, na kwa hao weka kichujio kwenye Gmail: barua inayotoka kwa mteja fulani, ambayo kwenye "Kwa" ina info pia, ipite kikasha iende moja kwa moja kwenye lebo yake. Haipotei, ila haikusumbui.

Usambazaji una ubaya mwingine ambao hauonekani. Siku hizi seva hukagua kama seva inayoleta barua imeruhusiwa kubeba barua za kikoa cha mtumaji, na kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo waliongeza masharti kwa wanaotuma kwa wingi. Seva ya kampuni yako inaposambaza barua ya mteja kwenda Google, ni kama dereva asiye na kibali kuleta mzigo wa mtu mwingine. Barua nyingine hupita kwa sababu zina saini ya kidijitali ya mtumaji, nyingine hutupwa kwenye taka. Ndiyo maana siku nyingine unapata mbili na siku nyingine moja, ukadhani tatizo limepona. Na kama fundi alikuwa ameiagiza Gmail yako ikachote barua kwenye sanduku la kampuni kwa POP, ujue Google ilitangaza kwamba huduma hiyo inaondolewa kuanzia 2026, kwa hiyo usijenge ofisi juu yake.

Gmail yenyewe iache iwe ya mambo yako binafsi. Ya Yahoo ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu ni ya zamani na umeisahau, lakini vitu vyako havijaisahau. Kaa chini uorodheshe kila mahali ulipoiandika: benki, mamlaka ya kodi, huduma za pesa kwa simu, shule za watoto, na hasa Gmail yako, ambayo huenda imewekewa Yahoo kuwa anwani ya kurejeshea neno la siri. Badilisha kimoja kimoja. Usiifunge na usiache kuingia. Sanduku la Yahoo lisiloguswa kwa miezi 12 linaweza kuondolewa, na mwaka 2013 kampuni hiyo iliwahi kutoa upya majina yaliyoachwa, yakachukuliwa na watu wengine. Fikiria mtu usiyemjua anapokea barua ya kurejesha neno lako la siri. Ingia mara moja kwa mwezi mpaka uone hakuna kinachokuja cha maana kwa mwaka mzima.

Na ukitamani kufungua anwani ya tano kwa ajili ya kazi fulani, usifungue. Gmail inakuruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako, kabla ya alama ya @, na barua inafika sanduku lilelile. Mtu wa manifesti mpe yenye neno manifesti, wa bima mpe yenye neno bima. Utazichuja kirahisi bila kuongeza mlango.

Nilikuahidi kurudi kwenye barua moja inayoonekana sehemu mbili. Gmail haina folda, ina lebo. Barua ni moja, imekaa kwenye ghala kubwa liitwalo "All Mail", na lebo ya kikasha ni karatasi tu iliyobandikwa juu yake. Thunderbird au Outlook ikiifungua Gmail kwa IMAP, inaonyesha kila lebo kama folda, na ghala nalo kama folda. Ukitafuta jina la mteja, barua moja inakuja mara mbili, mara tatu ikiwa ina lebo nyingine. Mtu anaweka programu ya kufuta nakala, programu inaona Message-ID moja kwenye folda mbili, inatupa ile ya ghalani kwenye tupio. Hiyo ndiyo barua yenyewe. Ikienda tupio inatoweka kila mahali, na baada ya siku 30 Google inaifuta moja kwa moja. Tiba ni kuingia kwenye mipangilio ya Gmail kwa kompyuta, sehemu ya lebo, na kuondoa alama ya kuonyesha "All Mail" kwenye IMAP. Fanya hivyo pia kwa "Important". Nakala za uongo zitatoweka bila kufuta chochote.

Baada ya hayo yote, na baada ya kupita wiki mbili bila nakala mpya kuingia, ndipo usafishe za zamani. Tumia Thunderbird, ni ya bure, na ina viongezo, yaani programu ndogo za kuongezea, vya kutafuta barua zilizorudiwa. Kwenye mipangilio ya kiongezo chagua kulinganisha kwa Message-ID. Usilinganishe kwa kichwa cha habari, maana wewe una barua ishirini zenye kichwa "Ankara" na kila moja ni ya mzigo wake. Pitisha folda moja kwa wakati, usiiagize programu ilinganishe kikasha na barua zilizotumwa. Zilizopatikana zihamishie kwenye folda utakayoiita "Za kufuta", ziache humo mwezi mzima. Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya sanduku zima kwenye diski ya nje. Barua zako ni kumbukumbu za biashara, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5. Afisa akija kuuliza ankara ya 2022, hutaki kumwambia kuwa programu iliifuta.

Nimalizie na upande wako wa kutuma, ingawa hukuniuliza, kwa sababu nina hakika wateja wako nao wanapata barua zako mara mbili. Unatuma nyaraka za mzigo zilizoskaniwa, kifurushi kina MB 18, mtandao wa simu unasuasua. Kiambatisho kinaposafiri kinavimba kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo MB 18 zinakuwa kama 24, na kikomo cha Gmail ni 25. Barua inafika kwenye seva, seva inaipokea, lakini neno la "nimepokea" linachelewa kurudi kwako. Programu yako inakata tamaa na kutuma tena. Tatizo hili liliandikwa na mtaalamu wa mitandao Craig Partridge mwaka 1988 na bado tunalo. Ukiona barua imekwama kwenye kutuma, usiiandike upya. Angalia kwanza folda ya zilizotumwa, subiri dakika kumi, na zile skani zako zipunguze ukubwa: nyaraka nyeusi na nyeupe kwa nukta 200 kwa inchi zinasomeka vizuri kabisa na ni ndogo mara nyingi kuliko picha ya rangi iliyopigwa kwa simu.

Ukimaliza kupanga, fanya jaribio hili. Omba simu ya jirani wa ofisi, mtu ambaye hajawahi kukuandikia. Tuma barua nne: kwa Yahoo kichwa kiwe MOJA, kwa Gmail MBILI, kwa jina lako TATU, kwa info NNE. Halafu ya tano, kichwa TANO, itume kwa info na kwa jina lako kwa pamoja. Subiri robo saa, angalia simu na kompyuta, andika kila neno limeonekana wapi, bila kusahau taka. MOJA mpaka NNE kila moja ionekane kwenye sanduku lake tu. TANO itaonekana mara mbili, kwenye info na kwenye sanduku la jina lako, na hilo ni sawa kwa sababu mtumaji ameandika anwani mbili. Ukikuta NNE imetokea pia kwenye Gmail, usambazaji bado upo mahali fulani, mara nyingi kwenye paneli ya mtoa huduma wa kikoa ambayo ninyi hamuingii. Hapo niandikie tena, unitumie mistari ya Received ya nakala zote mbili. Barua ya jaribio haina siri ya mteja, kwa hiyo unaweza kuituma ilivyo.